Mwinamo, Maji na Gia: Sayansi ya Kupanda Milima ya Taita kwa Baiskeli

Milima ya Taita, inayochomoza ghafla kutoka nyanda kavu za Tsavo karibu na mji wa Voi, ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya kale inayoanzia hapo Kenya na kushuka kupitia Tanzania hadi Udzungwa. Miamba yake ni ya naisi, yaani mawe yaliyogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo mkubwa chini kabisa ya ardhi, na kwa kuwa mwamba huo ni mgumu, mvua na upepo vimeshindwa kuumomonyoa kwa kasi ile iliyosawazisha ardhi inayouzunguka. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anayetoka Voi hukutana na nyanda karibu tambarare, kisha ukuta. Voi iko takriban mita 580 juu ya usawa wa bahari. Wundanyi, iliyo kama kilomita 40 kwa barabara ya kupitia Mwatate, iko takriban mita 1,400. Na kilele cha Vuria kinafikia mita 2,208.

Gharama ya kupanda huku haitokani na urefu wa njia peke yake, bali hasa na kimo kinachopandwa. Mtu, baiskeli na mizigo yake wakiwa na jumla ya kilo 100, kuwainua mita 820 kutoka Voi hadi Wundanyi kunahitaji takriban kilojuli 800 za kazi, iwe njia imenyooka au imepinda. Misuli ya binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo na kuipoteza iliyobaki kama joto, kwa hiyo kimo hicho pekee hula kilokalori zinazokaribia 800, ambazo zimo katika unga wa mahindi unaozidi gramu 200 kidogo. Kiasi hicho si kikubwa. Kinachowashinda watu wengi ni mwinamo, yaani uwiano kati ya mita zinazopandwa na mita zinazosafiriwa, kwa sababu mwinamo ndio unaoamua nishati hiyo itadaiwa kwa muda gani.

Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 100 kwa saa kadhaa bila kuishiwa nguvu. Kwa wati hizo, kati ya Voi na Mwatate, ambako mwinamo wa wastani ni kama asilimia 1, mzigo ule wa kilo 100 husonga kwa kilomita 15 hivi kwa saa. Kwenye mwinamo wa asilimia 8, wati hizo hizo humpa mwendeshaji kama kilomita 4 tu kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna ujasiri unaoweza kufuta hesabu hiyo, wala si haki kumwita mvivu mkulima anayeshuka na kuisukuma baiskeli yake juu ya kona za Wundanyi.

Mahali ambapo maji yamepita, hata hivyo, sehemu ya kazi imekwisha kufanywa. Mto huchonga bonde lake kwa maelfu ya miaka hadi mteremko wake uwe mkali karibu na chimbuko na wa taratibu kadiri unavyoshuka, na wataalamu wa jiografia wanapouchora kutoka chimbuko hadi mwisho wake hupata mstari uliobonyea katikati. Huko Ulaya, njia maarufu ya baiskeli inayofuata mto Danube kutoka Passau hadi Vienna inawafaa hata wazee na watoto kwa sababu inapita sehemu ya mto ambayo mteremko wake hauonekani kwa macho. Mto Voi na vijito vinavyoteremka kutoka Milima ya Taita ni vifupi mno kutoa raha ya aina hiyo kwa siku nyingi, lakini kanuni haibadiliki: anayepanda kwa kufuata bonde huanza kwa wepesi na kuukuta ugumu mwishoni, wakati miguu imekwisha kuchoka. Anayepanga safari na aweke akiba ya nguvu kwa ajili ya robo ya mwisho.

Upande wa chini, mto una wenyewe. Takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta ni hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, na Mto Voi, ambao mara nyingi hukauka, huingia Tsavo Mashariki na kuelekea bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952. Kingo za mto katika nchi kavu ndizo zinazowavuta tembo, na baiskeli ina kasoro moja kubwa mbele ya mnyama huyo: haina sauti, hivyo humfikia kabla hajatambua kwamba kuna mtu. Katika Sagalla, kusini mwa Voi, mtafiti Lucy King na wakulima wamefanya kazi ya kuzungushia mashamba ua wa mizinga iliyofungwa kwenye waya, ambayo hutikiswa tembo anapougusa waya na kuwatoa nyuki nje. Palipo na ua wa namna hiyo, mpita njia ajue kwamba tembo hupita hapo. Apande baiskeli jua likiwa limechomoza na afike kabla halijazama, na ufuo wa mto ulio ndani ya hifadhi auache kabisa.

Njia ndefu iliyo rahisi zaidi katika kaunti ni ile ya Voi hadi Taveta, kama kilomita 110, inayokwenda sambamba na reli iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1915 na 1916, walipokuwa wakijiandaa kuwashambulia Wajerumani upande wa Kilimanjaro. Magurudumu ya chuma huteleza juu ya reli ya chuma, kwa hiyo wahandisi wa reli hulazimika kutafuta mwinamo mdogo, na njia inayolifaa gari moshi huufaa pia mguu. Mwisho wake, Taveta, una maji ya kutosha kutoka chemchemi za Kilimanjaro na Mto Lumi unaoelekea Ziwa Jipe, na migomba yake ni kitulizo baada ya ukavu wa Maktau njiani.

Juu milimani hali ni nyingine. Pepo za kusi kutoka Bahari ya Hindi hulazimishwa kupanda, hupoa na kudondosha unyevu, hivyo Wundanyi huwa na joto linalopungua lile la Voi kwa nyuzi 5 hivi, na ukungu wa msitu wa Ngangao hulowesha barabara hata siku isiyo na mvua. Rimu iliyolowa hupunguza msuguano wa breki hasa pale unapohitajika: kilo 100 zikishuka kwa kilomita 30 kwa saa kwenye mwinamo wa asilimia 8, breki hulazimika kumeza wati zaidi ya 300, zote zikigeuka joto. Misitu hiyo ya ukungu, ambayo eneo lake la miti ya asili lilipungua kwa nusu kati ya 1955 na 2004, ndiyo pia inayoshika udongo mwekundu; inapokatwa, mvua ya masika huchimba mifereji katika njia za murram na kuzifanya zisipitike kwa gurudumu lolote.

Linabaki suala la chombo chenyewe. Baiskeli nyeusi ya gia moja, ambayo Kenya nzima inaijua kwa jina la Black Mamba, ni imara na hubeba magunia, lakini tuseme ina meno 44 mbele na 20 nyuma: kila mzunguko wa pedeli huisukuma karibu mita 5. Kwa kilomita 4 kwa saa, pedeli zitazunguka mara 14 tu kwa dakika, na mguu utalazimika kukandamiza kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 katika mzunguko wote. Baiskeli ya safari yenye meno 24 mbele na 34 nyuma husonga mita 1.5 kwa mzunguko, na kilo 40 zile hushuka hadi 12, mizunguko ikipanda hadi karibu 45 kwa dakika. Wati ni zile zile na kasi ni ile ile, ila goti limenusurika. Basi anayenunua baiskeli ya kupanda Taita ahesabu meno kabla ya kuuliza bei: ikiwa gia ndogo kabisa ya mbele ina meno mengi kuliko gia kubwa kabisa ya nyuma, aitafute nyingine.