Maumivu ya Muda Mrefu na Dawa za Kuyatuliza: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua

Kazi nyingi katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, na katika uwanda wa kati kwa jumla, hufanywa kwa mgongo, mabega na magoti. Palizi la jembe la mkono, kupura uwele na mtama, kubeba ndoo za maji na mizigo ya kuni huacha maumivu ambayo kwa wengi huisha baada ya siku chache, lakini kwa baadhi hukaa miezi na hata miaka. Anayeumwa kwa muda mrefu hurudi tena na tena kwenye duka la dawa muhimu, ambalo wengi bado huliita duka la dawa baridi, na mara nyingi huomba dawa iliyo kali kuliko ile ya awali.

Tunaandika makala haya kwa sababu desturi hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni fedha zinazotumika kununua nafuu isiyodumu. Ya pili ni afya, kwani tumbo, figo na ini huweza kudhurika kimyakimya huku mgongo ukiendelea kuuma. Utafiti wa miaka ya karibuni umebadilisha jinsi wataalamu wanavyoyaelewa maumivu, na mabadiliko hayo yanamhusu moja kwa moja mtu anayenunua vidonge.

Maumivu hutokeaje

Ngozi, misuli na viungo vina ncha za mishipa ya fahamu zinazotambua joto, shinikizo na kemikali za uvimbe. Mwaka 1997 David Julius na wenzake nchini Marekani waligundua kipokezi cha joto kali katika mishipa hiyo kwa kutumia kiini kinachofanya pilipili iwashe. Baadaye Ardem Patapoutian aligundua vipokezi vya shinikizo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Hata hivyo, taarifa inayotoka kwenye jeraha bado si maumivu. Hupita kwanza katika uti wa mgongo, ambako, kama walivyoeleza Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, huweza kuongezwa nguvu au kupunguzwa kana kwamba imekuta mlango. Kisha ubongo huipima pamoja na hofu, uchovu na kumbukumbu za zamani. Ndiyo maana mtu huweza kujikata akiwa kazini asihisi lolote mpaka aione damu. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha maana rasmi ya maumivu iliyotumika tangu mwaka 1979, na kikakubali kwamba mtu anaweza kuumwa hata pale ambapo hakuna jeraha linaloonekana.

Kwa nini mengine hayaishi

Maumivu ya ghafla ni kengele ya kulinda mwili. Jeraha likipona, kengele hunyamaza. Maumivu yanayozidi miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi chanzo chake si jeraha lile lile. Mfumo wa fahamu wenyewe umekuwa mwepesi kupita kiasi. Mfano wake ni mbwa wa boma aliyewahi kuvamiwa na fisi: baada ya usiku huo hubweka hata upepo ukitikisa majani. Fisi hayupo, lakini kelele ni za kweli na zinawanyima watu usingizi.

Hapa tunasisitiza jambo moja. Kusema kwamba mfumo wa fahamu umekuwa mwepesi si kusema kwamba mgonjwa anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli, na anastahili kusikilizwa. Kukosa usingizi, wasiwasi na msongo wa mawazo huyazidisha, na kwa hiyo navyo ni sehemu ya tiba.

Jambo hili linahusu pia picha za mgongo, ambazo huweza kumgharimu mwananchi nauli na fedha nyingi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuchakaa kwa pingili za mgongo huonekana katika picha za asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha inayoonyesha pingili zimechakaa, peke yake, haithibitishi chanzo cha maumivu. Picha ni ya lazima pale mtaalamu anapoona dalili za hatari tutakazozitaja.

Utafiti unasema nini kuhusu tiba

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unatanguliza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na msaada wa kisaikolojia. Dawa za kupunguza uvimbe zinaweza kutumika, lakini dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli, hazipendekezwi kwa tatizo hili, wala mikanda ya kukaza kiuno.

Majaribio yaliyofanyika Australia yanaonyesha sababu za tahadhari hiyo. Mwaka 2014 ilibainika kwamba wenye maumivu mapya ya kiuno waliopewa parasetamoli walipona baada ya siku 17 hivi, karibu sawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2023 ilibainika vivyo hivyo kwamba dawa ya jamii ya afyuni haikuwapunguzia wagonjwa maumivu mapya ya kiuno na shingo kuliko vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2024 jaribio la watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno lilionyesha kwamba waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi. Wasiofundishwa walikaa siku 112.

Msomaji wa Busi anaweza kusema, kwa haki, kwamba yeye hutembea kila siku na bado anaumwa. Majaribio hayo yalifanyika katika nchi ambayo wengi hawalimi kwa mkono. Fundisho lake kwetu, basi, si kuongeza mwendo juu ya kazi nzito. Ni kwamba kulala kitandani kwa siku nyingi hakuponyi mgongo, na kwamba mwili uliozoea maumivu hurudishwa kazini hatua kwa hatua. Gawanya mzigo mmoja mzito kuwa miwili. Badilisha mkao kabla mgongo haujakaza. Pumzika kwa vipindi vifupi, kisha endelea.

Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya, suzetrijini, inayozuia taarifa za maumivu katika mishipa ya fahamu kabla hazijafika kwenye ubongo. Iliidhinishwa kwa maumivu ya ghafla kwa watu wazima, si kwa maumivu sugu. Anayekuuzia "dawa mpya ya kumaliza maumivu yote" hana utafiti wa kumuunga mkono.

Majina mengi, dawa ile ile

Parasetamoli hupunguza homa na maumivu madogo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Zaidi ya hapo ini liko hatarini, na hatari huongezeka kwa anayekunywa pombe sana.

Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu na uvimbe. Mwaka 1971 John Vane alionyesha nchini Uingereza jinsi aspirini inavyofanya kazi: huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huchochea maumivu, lakini pia hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo madhara ya dawa hizi hutoka mahali pale pale inapotoka nafuu yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asizitumie bila ushauri wa mtaalamu. Mjamzito naye asizitumie bila ushauri huo, hasa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito. Mtu aliyeshinda juani bila maji ya kutosha, au anayeharisha, huziweka figo zake katika hatari kubwa zaidi. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Kosa linalotokea kwa urahisi ni kurudufisha dawa. Kuna vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Anayevimeza, kisha akaongeza parasetamoli kwa ajili ya homa na diklofenaki ya jina jingine kwa ajili ya goti, amezidisha dozi zote mbili bila kujua. Majina ya kibiashara ni mengi, kwa hiyo soma jina la kiambato, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo.

Sindano ya diklofenaki si dawa tofauti na kidonge cha diklofenaki. Huweza kudhuru tumbo na figo vilevile, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoelekea mguuni. Usiidai kwa kudhani kwamba ndiyo tiba kamili.

Mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara afahamu kwamba kutumia dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa zile za mchanganyiko, huweza kuwa ndiko kunakomsababishia kichwa kuuma.

Kuhusu dawa za mitishamba, si kila kilichoandikwa "asili" ni cha asili. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kuhusu bidhaa ya viungo iitwayo Artri King, iliyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kifungashio. Unafuu wa ajabu ndani ya saa chache uwe sababu ya kuuliza.

Mwisho, tahadhari juu ya dawa za jamii ya afyuni isiwanyime wanaozihitaji. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali ana haki ya kupewa mofini chini ya usimamizi wa daktari. Mofini ya kunywa hutumika nchini, ikiwa ni pamoja na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Familia isiikatae kwa hofu ya uraibu.

Maswali ya kuuliza dukani

1. Kiambato cha dawa hii kinaitwaje, na kina miligramu ngapi?
2. Je, inafaa kutumiwa pamoja na dawa ninazotumia sasa? Zitaje zote, pamoja na za mitishamba.
3. Nitumie mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na kabla au baada ya chakula?
4. Dalili zipi zikitokea niache kuitumia?
5. Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ipi?

Usipokee vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti bila jina. Mwuzaji akuandikie jina, dozi na tarehe, na akupe risiti. Dawa inayohitaji cheti cha daktari usiinunue bila cheti hicho.

Dalili za hatari

Usiendelee kununua dawa, bali nenda kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa, iwapo maumivu yanaambatana na mojawapo ya haya:

- miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa;
- homa, kupungua uzito, kutoka jasho usiku au kikohozi cha muda mrefu, kwani kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo;
- kuanguka au ajali;
- historia ya saratani;
- maumivu ya kifua au kushindwa kupumua vizuri;
- choo cheusi kama lami au kutapika damu baada ya kutumia dawa za maumivu.

Endapo hakuna dalili hizo, lakini umetumia dawa ya maumivu kwa zaidi ya siku chache bila nafuu, hitaji lako si dawa kali zaidi. Unahitaji kupimwa presha na figo, kuelezwa hali yako, na kupangiwa mazoezi na kazi kwa kadiri ya uwezo wako. Anzia katika zahanati iliyo karibu nawe. Nenda na vifungashio vya dawa zote ulizotumia, hata vilivyo tupu, na iwapo dawa yoyote imekudhuru, toa taarifa hapo hapo au katika ofisi yetu. Taarifa moja ya madhara huweza kuwaokoa wengine wanaonunua dawa hiyo hiyo.