Kung'oa mkono wa gurudumu la pikapu hakutaki pupa

MUTHARA, Tigania Mashariki, pikapu hukimbizana na saa, kwani miraa ikinyauka hupoteza thamani. Hivyo sehemu ya mbele inapoanza kugonga, dereva humhimiza fundi abadilishe upesi mkono wa chini unaounganisha gurudumu na chesi.

Pupa hiyo ni hatari. Kwanza chesi iegemezwe juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki huweza kuteleza. Kisha springi au chuma cha msokoto kilegezwe. Nguvu iliyobanwa humo ikifyatuka huweza kuua. Ndipo bolijointi itenganishwe na bolti za bushi zitolewe.

Mkono mpya ukishaingia, bolti hizo zikazwe kabisa gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo bushi zitachanika mapema. Hatimaye magurudumu yapimwe mwelekeo, yasije yakala tairi upande mmoja.