Mrushaji anayepigwa abadili mpira, asiongeze nguvu

UKIPITA Kabazi jioni, watoto wakiwa wametoka shuleni, usishangae kukuta mchezo wa kati umepamba moto. Wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja katikati anakwepa.

Mtazame mrushaji anayeshindwa. Kila akikosa huongeza nguvu. Aliye katikati ameshamjua: mpira utakuja wa kasi, tena kifuani, naye huinama tu. Mjanja hujifanya anarusha, akasita, kisha akautuma polepole miguuni. Huyo ndiye anayetoa watu.

Ujanja huo ndio unaowapa riziki warushaji wa besiboli huko Marekani. Kutoka kwa mrushaji hadi kituo cha mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika chini ya nusu sekunde. Mpigaji hawezi kuungoja autazame vizuri. Hana budi kukisia. Kazi ya mrushaji ni kuyavuruga makisio hayo. Mpira wa polepole hurushwa kwa mkono uleule na kwa haraka ileile, ila umeshikwa ndani zaidi ya kiganja. Mpigaji hudanganyika, akapiga mapema, gongo likakata hewa.

Mbona basi hodari wa jana hupigwa leo? Mara nyingi ni shabaha iliyopotea. Mipira minne ya nje humpa mpigaji kituo cha kwanza bure. Mrushaji akishatoa mitatu, huingiwa na hofu, akarusha ule asioweza kuukosea: wa moja kwa moja. Kumbe mpigaji anaungoja huohuo! Mrushaji akihamaki na kuongeza nguvu, shabaha huzidi kupotea.

Wakenya tunaye shahidi wetu, ingawa ni wa kriketi, mchezo ambao mrushaji hunyoosha mkono. Machi 15, 2003, huko Durban, Kenya ilikuwa ikicheza na Australia, mabingwa wa dunia. Adam Gilchrist alikuwa amewaadhibu warushaji wetu na kujipatia mikimbio 67. Ndipo akaitwa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu kisha akarejeshwa kikosini.

Karim hakuwa na kasi. Alikuwa na mpira wa polepole na shabaha. Kwa mipira 50 alitoa mikimbio saba pekee, akawaondoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa yeye.

Mzazi, jambo hili si la ushindi tu. Mtoto anayelazimisha nguvu mkono ukiwa umechoka huweza kuumia kiwiko au bega. Ndiyo maana mashindano ya watoto ya Little League hayamruhusu mrushaji wa miaka 11 au 12 kupita mipira 85 kwa siku.

Basi mwanao akipigwa, usimpigie kelele atie bidii. Mwambie apumue, mpira wa kwanza aulenge tu, wa pili aubadili mwendo. Na mkono ukichoka, ampishe mwenzake. Kupumzika si kushindwa.