Chumba cha elfu arobaini Mbeya: siku ya kwanza unatoa shilingi ngapi?

Mavuno yakishauzwa, meseji zinazoingia studio kwetu hubadilika. Zile za mbolea na bei ya mahindi hupungua, zinakuja za wazazi wa Kyela, Mbozi na Chunya wanaouliza kama shilingi 40,000 inatosha kumpangia kijana chumba Mbeya mjini. Inatosha kwa mwezi, lakini ni nadra kumpata mwenye nyumba atakayekupa ufunguo kwa kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue hiyo hiyo 40,000 kama mfano wa hesabu. Vyumba vya chini ya hapo vipo, na vya juu yake vipo pia.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wengine hukubali mitatu ukibembeleza, wengine wanataka mwaka mzima. Miezi sita ni 240,000. Dalali naye kwa kawaida anataka kodi ya mwezi mmoja, yaani 40,000 nyingine. Hapo umeshatoa 280,000, na kama dalali ni wa kudai hela ya kukuzungusha kuona vyumba, hiyo unaitoa hata usipochukua chumba. Bado godoro, ndoo na kitasa. Kitasa kipya usikiache, maana hujui funguo za mpangaji aliyehama zimebaki kwa nani.

Wengi hudhani ipo sheria inayopanga kodi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa kulipa ni makubaliano ya watu wawili. Mwenye nyumba naye ana hesabu zake: wengi wanajenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki, na kodi yako ya nusu mwaka ndiyo bati za chumba kinachofuata. Kwa kuwa ni makubaliano, jadiliana naye. Ila ujue msimu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaporudi, Oktoba na Novemba, maeneo yanayozunguka MUST hayana mjadala. Ukisema "nitafikiria", kesho kina mtu.

Sehemu gani sasa? Jiji lilikuwa na watu 541,603 katika sensa ya 2022, na limejinyoosha kufuata barabara kuu ya kwenda Zambia. Ukikaa karibu na Mwanjelwa, Kabwe au Mafiati utalipa zaidi, lakini unatembea kwa miguu kwenda sokoni. Ukienda Uyole au Iwambi kodi hushuka, nauli inapanda. Kijana anayetumia 1,500 kwa siku kwenda na kurudi kazini, kwa siku 26 ametumia 39,000. Hiyo ni kama kodi ya pili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, jiulize kijana atakuwa anakwenda wapi kila asubuhi.

Angalia pia mlima. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere na kufunika nyumba katika kata ya Itezi. Chumba cha bei nafuu kilicho chini ya mteremko uliokatwa, au kando ya korongo, kikague wakati wa mvua. Usipoweza, waulize majirani maji hupita wapi Machi na Aprili. Na ndugu zetu wa Kyela, blanketi. Juni na Julai Mbeya haina utani.

Sasa umeme, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa wapangaji unapoanzia. Nyumba nyingi za kupangisha zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote. TANESCO ina kundi la wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida ni shilingi 292. Chumba kimoja chenye taa, redio na kuchaji simu, tuseme uniti 20 kwa mwezi, kingeingia kwenye kundi dogo bila shida. Lakini vyumba sita vikichangia mita moja ni uniti 120, na wote mnahesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa. Uniti zako 20, ambazo zingekuwa shilingi 2,000, zinakuwa 5,840. Hapo hatujamtaja jirani mwenye pasi na jiko la umeme anayechanga sawa na wewe. Uliza kama kuna mita ndogo ya kila chumba. Kama haipo, uliza mnachangaje, na nani ana vifaa gani.

Kwenye LUKU hiyo hiyo mnakatwa kodi ya majengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, kwa kiwango kilichoanza Julai 2023. Hiyo ni kodi ya mmiliki. Mpangaji anaitoa tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Ni hela ndogo mkigawana, lakini kwa mwaka ni 18,000, na ni haki yenu kukubaliana na mwenye nyumba ipunguzwe kwenye pango. Maji, taka na kunyonya choo kikijaa, ulizeni pia kabla ya kulipa. Kuna wanaogawana kwa vyumba na wanaogawana kwa vichwa, na mama mwenye watoto wanne ataona tofauti.

Matapeli hawajaacha. Ile meseji ya "mimi mwenye nyumba wako, hela ya kodi tuma namba hii" bado inazunguka kwa sababu bado inanasa watu. Ukiipata, usitume kitu. Ripoti namba hiyo kwenda 15040. Tapeli wa hatari zaidi ni yule anayekuonyesha chumba cha kweli kisicho chake. Ufunguo mkononi si uthibitisho. Mwulize mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa mmiliki ni nani, kisha umlipe mmiliki mwenyewe, mbele ya shahidi. Mzazi aliye kijijini asitume kodi kwa simu kwa mtu ambaye mwanawe hajakaa naye ana kwa ana.

Mkataba uandikwe hata kama mnaelewana: kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, umeme na maji vinalipwaje, notisi ya kuhama ni ya muda gani, na kama ukihama mapema kodi iliyobaki inarudi au hairudi. Hilo la mwisho wengi hawaliandiki, na ndilo linalowapeleka kwenye Baraza la Kata. Baraza la Kata kazi yake ni kupatanisha. Ikishindikana, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wataomba karatasi.

Kabla ya kupanda basi, kijana achukue barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji na namba yake ya NIDA. Serikali ya mtaa anakohamia wataviulizia, na kuvifuata tena kijijini ni nauli ya kwenda na kurudi.