Minara, Sanamu na Mawe katika Somo la Historia: Mfano wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Walimu wengi wa shule za msingi wafikapo katika mada ya Vita vya Majimaji huandika ubaoni miaka, majina ya viongozi na sababu za kushindwa, kisha huwataka watoto wanakili. Watoto hunakili kwa bidii, hukariri, hujibu maswali ya mtihani, na baada ya likizo husahau. Hatuwalaumu walimu hao, kwani wengi wetu tulifundishwa hivyohivyo. Hata hivyo, mwendo wa kiasi cha kilometa 100 tu kutoka Mbinga mjini, katika mji wa Songea, lipo kaburi la watu wale ambao majina yao yamenakiliwa. Na karibu zaidi, katika milima ya Umatengo na katika ufuko wa Ziwa Nyasa, zipo kumbukumbu nyingine ambazo watoto huzipita kila siku waendapo kuchota maji au kukata kuni.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mwalimu awezavyo kuzitumia kumbukumbu hizo kama vifaa vya kufundishia. Tunasema kumbukumbu kwa maana pana: mnara uliojengwa kwa saruji, sanamu, kaburi, na pia jiwe au shamba ambalo jamii imelihifadhia habari zake.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mnara haujijengi. Kila mnara umejengwa na mtu mwenye uwezo wa kuujenga, mahali alipopachagua yeye, ili wapitao wamkumbuke mtu fulani na pengine wamsahau mwingine. Kwa hiyo mwalimu asiwaambie watoto tu kwamba "huu ni mnara wa fulani." Awafundishe kuuhoji mnara kama wanavyomhoji mgeni aliyebisha hodi: Nani kakutuma? Umekuja lini? Wasema habari za nani? Na nani ambaye humtaji?

Zoezi hilo laweza kuanzia darasani kwa picha mbili za sanamu zilizopata kusimama Dar es Salaam. Ya kwanza ni ile ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyozinduliwa mwaka 1909. Wissmann alisimama juu kabisa. Chini yake alikuwapo askari Mwafrika akimtazama, na chini ya askari palikuwa na simba aliyekufa akifunikwa bendera. Mtoto wa darasa la tano hahitaji maelezo marefu ili atambue nani kawekwa juu na nani kawekwa chini. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu hiyo. Baadaye ilipelekwa Ujerumani ikasimamishwa katika chuo kikuu cha Hamburg, nayo ikaangushwa huko na wanafunzi katika miaka ya 1967 na 1968. Picha ya pili ni ya Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 na ambayo ingali pale katikati ya jiji. Safari hii Mwafrika ndiye aliye juu, bunduki mkononi. Lakini waulizeni watoto: Je, wapagazi wako wapi? Makumi ya maelfu ya watu wa nchi hizi walikufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakibeba mizigo ya majeshi, wengi kwa njaa na maradhi. Wanatajwa katika maandishi ya chini, ila aliyepewa umbo juu ya nguzo ni askari peke yake. Katika sanamu ya Nairobi, iliyo jamaa ya hii, umbo la mpagazi limo. Tofauti ya sanamu hizo mbili yatosha kwa kipindi kizima.

Mwalimu wa mwambao anaweza kuuliza: Wissmann ananihusu nini mimi niliye Liuli? Anamhusu sana. Jina hilohilo lilibebwa na meli ya Kijerumani iliyoshushwa katika Ziwa Nyasa mwaka 1893, baada ya kuletwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire. Mwezi Agosti 1914, meli hiyo ilipokuwa imepandishwa ufukoni Liuli kwa matengenezo, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikuja na kuipiga mizinga. Ilikuwa miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya vita vile vikuu majini, nayo yalitokea mahali ambapo leo watoto huogelea. Wajerumani hawakupaita Liuli bali Sphinxhafen, yaani bandari ya sfinksi, kwa kuwa mwamba mmojawapo wa pale uliwakumbusha lile sanamu kubwa la Misri. Mgeni aliona Misri. Mwenyeji aliona jambo jingine, na jina la mwenyeji ndilo lililobaki. Wapelekeni watoto ufukoni wautazame mwamba, kila mmoja aseme anaona nini, kabla ya kuwaambia Mjerumani aliona nini. Tukianza na jibu la Mjerumani tumewafumba macho.

Hapohapo Liuli lipo kaburi la William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza aliyetumikia mwambao huu kwa miaka mingi na kufariki pale mwaka 1928. Lipo pia jiwe kubwa la Pomonda, ambalo wenyeji husimulia kwamba wazee wao walijificha humo nyakati za hatari. Tazameni basi utajiri huu: kaburi lenye jina na mwaka, na jiwe lisilo na herufi hata moja. Watoto wengi watasema kaburi ni kumbukumbu na jiwe si kumbukumbu. Hilo ni kosa lenye manufaa, nasi twashauri mwalimu asilisahihishe haraka. Na awaite wazee wawili au watatu wa kijiji, wasimulie habari za jiwe mbele ya darasa, kila mzee kwa wakati wake. Masimulizi hayatalingana. Watoto waandike yanapolingana na yanapoachana, nao watakuwa wameifanya kazi ya mwanahistoria bila ya kuambiwa jina lake.

Kwa shule za milimani, ambako hakuna ziwa wala mnara, mwalimu mwanafunzi huja kwetu akilalamika kwamba "kule hakuna kitu." Tunamjibu atoke nje ya darasa atazame mteremko ulio mbele yake. Kilimo cha ngoro cha Wamatengo kina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Nyasi hukatwa zikapangwa chini kwa mistari inayokatana kama nyavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya miraba na kufunika nyasi, na hivyo hubaki matuta yenye mashimo kati yake. Mvua inyeshapo, maji hutua katika mashimo badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kwa desturi wanaume hukata nyasi na wanawake huchimba. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. Mteremko wote uliotiwa ngoro ukitazamwa kutoka upande wa pili wa bonde huonekana kama umesukwa.

Kwa nini watu walilima miteremko mikali namna ile? Hapa ndipo historia inapoingia. Katika karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, waliingia sehemu hizi wakiwa na jeshi lenye nidhamu kali. Wamatengo walirudi nyuma milimani, wakajificha hata katika mapango kama yale ya Litembo. Watu wakawa wengi juu ya ardhi ndogo yenye mteremko, ikawabidi wabuni njia ya kuizuia isiondoke na maji. Kwa hiyo ngoro si somo la kilimo peke yake. Ni kumbukumbu ya wakati wa hofu, nayo hujengwa upya kila msimu na mikono ya mama zetu, bila kibao wala sherehe ya uzinduzi.

Sasa tufike Songea, na hapa twaomba msomaji asiende haraka. Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980 mahali ambapo, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 na kuwazika katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi lake. Zipo sanamu za viongozi wa Kingoni, na kila mwaka mwezi Februari mashujaa hao hukumbukwa kwa sherehe.

Mwalimu anayetoka na watoto Mbinga au Mbamba Bay hapana budi ajiandae kwa swali moja. Siku moja mwalimu mwanafunzi wetu alikuwa akieleza ushujaa wa manduna mbele ya darasa la Wamatengo watupu. Mtoto mmoja akainua mkono akasema: "Mwalimu, babu anasema hao ndio waliotufukuza tukaingia mapangoni. Mbona leo ni mashujaa wetu?" Mwalimu yule alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mtoto aketi, maana swali lake halimo katika somo.

Tunadhani hilo lilikuwa ndilo swali bora la muhula mzima, na kulizima lilikuwa kosa. Mtoto hakuwa mkorofi. Alikuwa ameuhoji mnara. Jibu la kweli lina pande zaidi ya moja. Ni kweli kwamba Wangoni waliwashambulia majirani zao na kuwateka watu, milimani na mwamboni pia. Ni kweli vilevile kwamba waliteka na kuwaingiza watu wa makabila mengi katika jamii yao, hata wengi walioitwa Wangoni mwaka 1905 walikuwa wajukuu wa waliotekwa. Tena ni kweli kwamba waliponyongwa mwaka 1906 hawakunyongwa kwa kosa la kuwateka Wamatengo, bali kwa kukataa kutawaliwa na Wajerumani. Mtu mmoja aweza kuwa adui wa babu yangu katika habari moja na shujaa wa nchi yangu katika nyingine. Mtoto wa miaka kumi na miwili analielewa jambo hili kuliko tudhanivyo. Ameshaona ndugu wakigombana shambani asubuhi na kuzikana jioni. Lililo gumu ni kwa mwalimu kukubali kwamba somo lisiishe kwa jibu moja.

Tahadhari moja ifuatane na hayo. Katika darasa lenye watoto wa makabila mchanganyiko, utani wa makabila waweza kuchangamsha mazungumzo haya, lakini mwalimu asiuanzishe yeye. Utani wa mkubwa mwenye chaki mkononi huacha kuwa utani.

Swali la pili huja mbele ya kaburi la Nduna Songea. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Watoto watauliza: Kiko wapi? Wengine watacheka kwa kuogopa. Mwalimu asibuni jibu. Awaeleze lililo wazi: kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapohapo, akakutana na wazao wa waliouawa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Basi darasa zima litatambua kwamba historia ya mwaka 1906 haijamalizika, na kwamba kaburi laweza kuwa na mtu asiyetimia.

Kuhusu utaratibu wa safari hatuna mengi. Mwalimu atangulie peke yake kwanza, kwa kuwa mwalimu anayeliona jambo kwa mara ya kwanza pamoja na wanafunzi wake hufundisha mshangao wake tu. Mwezi Februari mvua ni nyingi na njia za milimani huteleza. Apange siku ya akiba. Watoto wasipande juu ya makaburi wala kuchora kitu juu ya mawe. Kila mmoja abebe daftari na kalamu ya risasi, achore kitu kimoja tu kwa makini badala ya vitu kumi kwa pupa. Shule isiyo na nauli isione aibu: Litembo, Pomonda na ngoro ya jirani hazihitaji gari.

Baada ya kurudi, twapendekeza zoezi moja ambalo tumeona likifanya kazi. Kila kundi la watoto wanne lichague kumbukumbu moja ya kijijini isiyo na kibao, iwe mwamba, mti, kisima au shamba la ngoro, na litunge maneno ya kibao chake. Maneno yasizidi ishirini. Hapo watagundua wenyewe ugumu wa kazi: waandike jina la nani, waache la nani, na waandike kwa Kiswahili ili mgeni aelewe au kwa Kimatengo ili bibi aelewe. Katika shule moja kundi lililochagua ngoro lilibishana vipindi viwili kuhusu kama liandike "wazee wetu" au "mama zetu." Mwalimu hakuwaamulia. Alipopita tena wiki iliyofuata alikuta wameandika vibao viwili.