KABRO MDOMONI MWA NJIA: TUHESABU KWANZA



Tukitembelea vikundi wakati wa mvua ndefu tunaona jambo moja kila mahali. Njia ya kuingia bomani huharibika kwanza pale mdomoni, inapokutana na barabara. Gari hupunguza mwendo hapo, hukata kona, na magurudumu huchimba. Maji ya barabara nayo huingia kwenye shimo. Pikapu ya maziwa inakataa kuingia, na mgonjwa anabebwa kwa mikono hadi barabarani.

Ndiyo maana vikundi vingine vimeamua kuwawekea wanachama kabro pale mdomoni, kwa zamu, boma moja baada ya lingine. Ni wazo zuri. Lakini wengi wanauliza bei ya kabro tu, wanachanga, halafu pesa zinaisha kazi ikiwa nusu. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatukumbusha habari za mjenzi wa mnara: hesabu hutangulia msingi. Basi hebu tuketi tuhesabu.

UKUBWA

Mdomo wa njia hupanuka kuelekea barabarani ili gurudumu lisianguke pembeni. Tuseme langoni ni mita 3, barabarani ni mita 5, na urefu ni mita 3. Jumlisha 3 na 5, gawanya kwa 2, unapata 4. Zidisha kwa urefu wa mita 3: ni mita mraba 12.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Kabro ya mstatili ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita mraba moja. Kwa hiyo tunahitaji 600. Ongeza 60 za kukatwa na kuvunjika, zinakuwa 660, yaani mita mraba 13.2. Unene wa milimita 60 unatosha gari dogo. Kama lori litaingia, chukua milimita 80. Hizo za 80 zina uzito wa karibu tani 2 na nusu kwa kazi hii. Pikapu ya tani moja itakwenda safari tatu, lori dogo safari moja.

Chini ya kabro kuna mchanga wa sentimita 4, na chini ya mchanga kuna maram iliyoshindiliwa ya sentimita 15. Kwa hiyo tunachimba sentimita 27. Maram ikishindiliwa hupungua, basi leta mita za ujazo 2 na robo. Mchanga wa kulalia kabro na wa kujaza nyufa ni wilbaro kama 10. Kwenye udongo mweusi wa pamba chimba zaidi na ujaze maram zaidi, kwa sababu udongo ule hufura ukilowa na kupasuka ukikauka.

Pembeni lazima kuwe na mawe ya ukingo yaliyoshikwa na zege. Bila ukingo, kabro husukumwa na magurudumu na kuachana. Mzunguko wote ni mita 14.3, yaani mawe 16 ya sentimita 90. Zege lake linahitaji simiti mifuko 3, mchanga wilbaro 4 na kokoto wilbaro 7. Upande wa barabara na wa lango, ukingo ulale sawa na kabro ili gari lisigonge.

HESABU YA PESA

Bei hizi ni za kujifunzia hesabu tu. Nenda sokoni kwenu, andika bei zenu mahali pake.

Kabro mita mraba 13.2 kwa Sh. 1,200: Sh. 15,840
Mawe ya ukingo 16 kwa Sh. 350: Sh. 5,600
Maram: Sh. 4,500
Mchanga na kokoto: Sh. 4,000
Simiti mifuko 3 kwa Sh. 750: Sh. 2,250
Lori la kubeba kabro: Sh. 4,000
Fundi, mita mraba 12 kwa Sh. 350: Sh. 4,200
Kukodi mashine ya kushindilia: Sh. 3,000
Jumla ndogo: Sh. 43,390
Akiba ya dharura, asilimia 10: Sh. 4,339
JUMLA: Sh. 47,729

Sasa gawanya kwa 12. Kila mita mraba inagharimu karibu Sh. 4,000, na kabro yenyewe ni Sh. 1,200 tu. Bei ya kabro si bei ya kazi! Hapo ndipo vikundi huanguka.

Kuchimba na kubeba hatukuandika, maana wanachama watafanya wenyewe. Lakini mweka hazina aandike siku za kila mtu kitabuni. Jasho pia ni mchango.

NJIA ZA KUPUNGUZA

Fanyeni maboma mawili ya jirani pamoja. Lori likiweza kubeba za wote kwa safari moja, na mashine ikikodiwa siku ileile, zile Sh. 7,000 zinagawanywa, kila boma Sh. 3,500. Mwenye uwezo mdogo anaweza kuweka mistari miwili ya magurudumu, kila mmoja sentimita 60 kwa mita 3. Hiyo ni mita mraba 3.6 tu.

Usipunguze maram, kushindilia wala ukingo. Vikikosekana, kabro itazama mvua ya kwanza, na utalipa mara mbili.

MAMBO MENGINE MATATU

Kwanza, ruhusa. Mdomo wa njia mara nyingi uko kwenye ardhi ya barabara, si shamba lako. Sheria ya mwaka 2007 iliunda KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Nyingine ziko chini ya kaunti. Ulizeni barabara yenu ni ya nani, mpate ruhusa kwa maandishi kabla ya kuchimba. Bila hiyo, kazi yenu inaweza kubomolewa bila fidia.

Pili, maji. Usizibe mtaro wa barabara, utamfurisha jirani. Penye mtaro weka kalvati ya ukubwa utakaoelezwa na wenye barabara. Gharama yake ni juu ya hesabu ile. Kabro nayo iinamishwe sentimita 2 kwa kila mita ili maji yaelekee mtaroni.

Tatu, ubora. Kabro nzuri ukigonga mbili hulia kwa sauti kali. Ikimomonyoka kwa kucha, iache. Mlipeni fundi kidogo kidogo kwa kazi aliyomaliza, na risiti zisomwe mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni boma gani lina shida zaidi, na je, mwenyewe ndiye mwenye sauti ndogo mkutanoni?
2. Bei zetu halisi ni ngapi? Nani ataenda kuuliza, na lini?
3. Pesa zikipungua katikati, tumekubaliana kufanya nini?

Jibuni haya kabla ya kuchanga shilingi ya kwanza. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.