Mota Inayojua Kuchechemea

Watu wa Unguja hawajaisahau miezi ile mitatu, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, ulipoharibika mfumo wa waya uleteao umeme kutoka bara kwa njia ya chini ya bahari, kisiwa kizima kikalala kizani. Na sisi wa Pemba, ambao wakati ule tukiwashiwa taa na majenereta ya dizeli ya Wesha, mwaka huohuo wa 2010 tukaungwa na Tanga kwa waya wetu wenyewe wa kilovolti 33. Msiba ule wa Unguja haukuwa mkubwa kwa kuwa kitu kiliharibika, maana hapana chombo cha mwanadamu kisichoharibika, bali kwa kuwa njia kuu ilikuwa moja tu.

Mas'ala hayohayo yanawashughulisha wahandisi wa mota za magari ya umeme, nayo yatatuhusu karibuni, kwani pikipiki za namna hiyo zimekwisha kuzoeleka Kigali na Nairobi. Mnunuzi aghalabu huuliza bei, kisha betri yaenda umbali gani. Ama mota itafanya nini ikipata hitilafu katikati ya safari, hilo ni nadra kuulizwa.

Mota hiyo ina mafungu matatu ya nyaya za shaba, ndizo fezi tatu, na kila fezi huendeshwa na jozi ya transista zilizomo ndani ya kontrola, kifaa kiiongozacho mota. Transista moja ikifa, fezi yake ikakatika, mbili zilizosalia huvuta kwa mishtuko: chombo kikiwa mwendoni chaweza kujikokota, lakini kikisimama pale ambapo sumaku na nyaya hazisukumani, hakiondoki tena, na aijuaye barabara ya zamani ya Chake Chake na Wete, jinsi inavyopanda na kupinda, hana haja ya kuelezwa taabu yake.

Tadbiri iliyobuniwa ni kukiunganisha kitovu cha fezi zote tatu na jozi ya nne ya transista, kisha kontrola huzipanga upya fezi mbili zilizo hai, pembe baina yake ikawa digrii 60 badala ya 120, na mzunguko ukarudi kuwa laini. Lakini ili nguvu ibaki ileile, kila fezi yapasa kubeba mkondo mara 1.73 ya kawaida, na joto lake huwa mara tatu; kwa hiyo kontrola yenye busara huupunguza mwendo, ikaridhika na asilimia 58 hivi ya nguvu, mpanda akafika mjini kwa kuchechemea.

Hitilafu iliyo karibu zaidi nasi, watu wa hewa ya chumvi, ni ya waya nyembamba, aghalabu za manjano, za kijani na za buluu, zitokazo kwenye vihisi vitatu vinavyoiambia kontrola sumaku zimefika wapi. Pini yake ikiota kutu ya kijani, habari hukatika. Nalipenda hili kuliko yote: katika mota nyingi vihisi hivyo, vikiwa vizima, havisemi vyote neno moja kwa wakati mmoja, hata vikikubaliana vyote, hapo ndipo ijulikanapo kuwa kuna mwongo. Kontrola iliyofunzwa huviacha, ikaikisia nafasi ya sumaku kwa umeme unaozalishwa na mota yenyewe ikizunguka; ila mwendo ukiwa mdogo sana umeme huo ni hafifu, na kuondoka kilimani hubaki kazi ngumu.

Lililo baya zaidi ni nyaya kugusana ndani, kwa sababu sumaku hazizimwi kwa ufunguo: gurudumu likizunguka, umeme huendelea kuzaliwa na kuunguza, na mota iliyomo ndani ya gurudumu lenyewe aghalabu haina hata klachi ya kuitenga. Pikipiki ya hivyo haisukumwi mbali; hupakiwa garini. Basi muuzaji na aulizwe waziwazi fezi moja ikikatika itakuwaje, na asipokuwa na jawabu, apunguze bei.